Wiki Ambayo Oili Yote ya Nyeri Ilikuwa na Maji

Waithira alikuwa na miaka hamsini na miwili nilipomfahamu, na kwa miaka kumi na sita kati ya hiyo alikuwa ameamini kwamba duniani kuna kitu kimoja tu kisichosema uongo, nacho ni laktomita. Ni kipimo cha kioo, kina tumbo lenye vipande vya risasi chini na shingo nyembamba iliyoandikwa namba. Ukikitia ndani ya maziwa kinaelea. Kikisimama kwenye thelathini, maziwa ni safi. Kikizama mpaka ishirini na mbili, mwenye ng'ombe ameongeza maji, hata aape kwa jina la nani.

Na waliapa. Waithira alikuwa karani wa kupima maziwa katika chama kimoja cha ushirika huko Mukurweini, na kila asubuhi alisikiliza mambo ambayo sijayasikia mahali pengine popote, nami nimewahi kukaa na mawakili wa Kampala na wauza vito wa Mombasa. Ng'ombe alinyeshewa. Ng'ombe ni wa kizungu, hao hunywa kupita kiasi. Ndoo ilikuwa na umande. Mzee mmoja aitwaye Moffat, aliyerudishwa nyumbani na maziwa yake mara nyingi kuliko mkulima mwingine yeyote, alijitetea kwamba shamba lake liko karibu mno na mto. Waithira alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamwonyesha shingo ya laktomita.

Chama kiliposhindwa kuendelea na ofisi kufungwa, kama vyama vingi vilivyofungwa miaka ile, Waithira alichukua laktomita yake na kununua Pijo 504, pikapu iliyokuwa imekwisha kubeba kabichi za nusu ya mkoa. Akaanza kununua maziwa mwenyewe kwa wakulima arobaini na watatu na kuyapeleka kwenye kiwanda kidogo cha mtu binafsi mjini Nyeri. Masharti ya kiwanda yalikuwa mafupi. Lango linafungwa saa tatu asubuhi. Ukichelewa mara tatu katika mwezi, njia yako anapewa mwingine. Huyo mwingine alijulikana, aliitwa Njagi, na alikuwa na Toyota mpya ambayo alikuwa akiiosha kila siku akingoja.

Ilikuwa Julai 1996, mwezi wa ukungu na mikono ndani ya makwapa. Waithira alikuwa amechelewa mara mbili.

Kisa kilikuwa kile kilima cha kutoka daraja la mto Gura. Pijo, ikiwa na mikebe ishirini ya maziwa mgongoni, iliteremka vizuri, ikavuka daraja, halafu katikati ya mpando taa nyekundu ya oili iliwaka na injini ikaanza kugonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Ilimlazimu asimame, angoje ipoe, aongeze oili, aendelee. Fundi wake, Mugendi, kijana wa upande wa Embu mwenye gereji ya turubai moja pale mjini, alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kidole, akakunja uso.

"Mama, hii gari unaipatia oili gani?"

"Ile ya kupimiwa kutoka kwa pipa."

"Hapana, mama. Hiyo ya pipa watu huchanganya."

"Huchanganya na nini?"

"Nani anajua?"

Waithira alijua. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kukutana na kitu kinachochanganywa na kingine isipokuwa maji.

"Gari ya kupanda milima na mzigo kila siku," Mugendi aliendelea, "na injini imezeeka hivi, inataka ishirini-hamsini, ya mkebe uliofungwa. Ishirini ni asubuhi, injini ikiwa baridi. Oili inakuwa nyepesi, inakimbia haraka mpaka juu. Hamsini ni pale Gura, injini ikichemka. Inabaki nzito, haikimbii chuma."

"Kitu kimoja, namba mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Kwangu mtu akileta maziwa ya namba mbili namrudisha nyumbani."

Mimi nilikuwa nimekwama Nyeri kwa ajili ya gasketi ya injini ya gari langu iliyokuwa itoke Nairobi tangu juma lililotangulia, na mchana nilikaa kwenye benchi ndani ya duka la vipuri la Mukhtar, karibu na msikiti, nikinywa chai yake ya tangawizi. Ndiyo maana nilikuwapo Jumatano ile Waithira alipoingia, amevaa sweta mbili na kitambaa kichwani, mkononi kifuko cha ngozi kama cha daktari.

"Karibu, mama. Pijo inasemaje?" Mukhtar aliuliza.

"Inakohoa. Mugendi amesema nichukue ishirini-hamsini."

"Hiyo ndiyo dawa." Mukhtar akateremsha mkebe, akapuliza vumbi.

"Fungua."

"Nifungue hapa?"

"Siwezi kununua kitu sijapima."

Mukhtar alifungua, kwa kuwa biashara ilikuwa mbaya na mama alikuwa mtu wa heshima. Waithira akatoa kwenye kifuko kopo refu jembamba la bati, akalijaza oili, akaitoa laktomita kwenye pamba yake, akaiachia polepole kwa vidole viwili kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na sita.

Laktomita ilizama. Haikusimama kwenye thelathini, wala ishirini, wala kumi. Ilizama shingo na yote, ikatoweka, na chini kabisa ya kopo tukasikia sauti ndogo: tik.

Waithira aliinamia kopo. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Moffat mwenyewe, siku zake mbaya kabisa, hakuwahi kufikia hapo.

"Mukhtar," alisema kwa huzuni, "hii iko na maji."

"Mama! Mkebe ulikuwa umefungwa!"

"Basi wametia kiwandani."

"Oili na maji haviungani, mama. Muulize mtu yeyote."

"Nakuuliza wewe, na wewe ndiye mwenye ng'ombe. Lazima umtetee ng'ombe wako."

Mukhtar alinitazama anisaidie. Nimezunguka nchi nyingi, naweza kuomba maji ya kunywa katika lugha saba, lakini nilishika tena kikombe changu cha chai, maana kipimo kilikuwa kimezama kweli na sote tulikiona.

Alikwenda duka la pili. Tik. Duka la tatu, tik. Katika kituo cha petroli walimfungulia aina nne, pamoja na ile ya trekta iliyokuwa nzito kama asali, na zote nne zilizama mpaka chini, tik, tik, tik, tik. Kufikia saa nane mchana watu kama thelathini walikuwa wakimfuata, wengi wao madereva, na kila kopo lilipojazwa walishusha vichwa na kutega masikio.

Ni lazima nieleze kwamba madereva wa Nyeri hawakuwa wajinga. Walikuwa wakiuziwa oili iliyotumika, ikachujwa kwa kitambaa na kurudishwa dukani, na kila mmoja wao alikuwa na injini iliyokufa bila sababu ya maana. Kwa miaka mingi walikuwa wakitafuta mtu wa kuwaambia kwamba walikuwa wakiibiwa. Sasa amekuja, ana kipimo cha serikali.

"Ndiyo maana pistoni zangu zilikwisha!" alisema mmoja.

"Mimi nilijua. Nilimwambia bibi yangu, hii oili ina ladha ya mto."

"Ulionja?"

"Sikuonja. Nilijua tu."

Alhamisi asubuhi Waithira alifika langoni ikiwa imebaki dakika mbili, taa nyekundu ikiwaka tangu Gura, injini ikigonga hivi kwamba bawabu alisikia gari kabla ya kuliona. Alipotoka kiwandani alikuta foleni. Madereva walikuwa wamejipanga kando ya ukuta, kila mmoja na chupa yake: chupa za soda, za dawa ya kikohozi, moja ya mtoto yenye chuchu. Walitaka wapimiwe. Dereva wa gari la kubeba maiti alileta mkebe mzima na kuomba asipitwe, kwa sababu wateja wake hawawezi kushuka kusukuma.

Akawapimia wote. Zilizama zote. Madukani hakuna aliyenunua oili siku hiyo. Mukhtar alifunga nusu ya mlango na kuacha nusu wazi, kama nyumba yenye mgonjwa.

Hapo ndipo alipotokea Gatobu. Huyu alikuwa mchuuzi kutoka upande wa Meru, mtu wa kuuza chochote ambacho mji ulikuwa ukikihitaji wiki hiyo: miavuli, sumu ya panya, kalenda. Alikuja na madumu matano kwenye mkokoteni, akayapanga kwa utulivu, akasema kwa sauti ya mtu asiyejali akiuza au asiuze:

"Mama, mimi sisemi kitu. Pima tu."

Waithira alijaza kopo. Kitu kilitoka cheusi, kizito, kinang'aa vizuri sana. Akaachia laktomita.

Haikuzama. Ilisimama wima juu ya ile oili kama kigingi, tumbo lake nusu nje, namba zote zikiwa hewani. Ilikataa kabisa kuingia.

Umati ulipiga makelele kama timu yao imefunga bao. Mtu alirusha kofia. Madumu matano yalinunuliwa kabla Waithira hajapangusa mkono, na madereva watatu walikuwa tayari wamefungua boneti zao palepale barabarani.

"Ngojeni!" Waithira alisema.

Katika kazi yake, kipimo kikizama ni maji, hilo kila mtu alilijua. Lakini kikipanda kupita namba, kuna jambo jingine: mkulima ametia unga, au sukari, ili afiche maji. Waithira alichovya kidole ndani ya kopo, akanusa, akaweka ulimini. Mpimaji wa maziwa huonja kila kitu. Ni desturi ya kazi.

"Hii ni molasi ya kiwanda cha sukari," alisema. "Ninawapa ng'ombe zangu hii kila jioni."

Gatobu alikuwa amekwisha geuza mkokoteni na alikuwa akitembea, hakukimbia, kuelekea stendi ya magari ya Meru.

Halafu dereva wa gari la maiti, ambaye alikuwa mtu mpole, akauliza swali ambalo liliuharibu mchana wote.

"Mama, hebu tusaidie. Ikizama ni maji. Ikielea ni sukari. Sasa wewe unataka oili ifanye nini?"

Waithira aliitoa laktomita kwenye kopo, akaipangusa. Sote tulimtazama. Alikuwa mwanamke wa kuheshimu swali zuri, hata kama limeletwa na adui, na hili lilikuwa swali zuri.

Alichukua kopo, akafuata njia ya gereji ya Mugendi peke yake, nami nikamfuata kwa mbali kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Mugendi alikuwa chini ya gari. Alipotoka na kuambiwa, hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alitwaa glasi yake ya chai, akaisuuza, akatia oili mpaka nusu, kisha akamimina maji juu yake. Maji yalipita katikati ya oili, yakashuka, yakakaa chini. Oili ikapanda juu yake na kutulia.

"Unaona, mama? Oili ni nyepesi kuliko maji. Kwa hivyo hiyo kioo yako lazima izame. Ingekuwa na maji ungeyaona hapo chini yamekaa kama mtu amelala."

Waithira aliitazama glasi muda mrefu. Aliigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Maziwa ni mazito kuliko maji," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Na oili ni nyepesi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimewaambia watu wa Nyeri wote."

"Wengi wao, mama. Si wote."

Alikaa juu ya tairi. Nilidhani atalia, lakini alikuwa akifikiri. Baadaye aliuliza, "Ile ishirini-hamsini. Ulisema asubuhi inasoma hivi, ikipata moto inasoma vingine?"

"Karibu hivyo."

"Hata maziwa. Yakiwa ya moto laktomita inasoma chini, lazima uongeze. Kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Sikujua kama maziwa hufanya hivyo, mama."

Kama angetaka oili kwa siri, Mugendi angemnunulia, na hakuna ambaye angejua. Nilimsikia Mugendi akimwambia hivyo. Lakini oili ilikuwa kwa Mukhtar, na Waithira alisema hawezi kutumia kitu cha mtu aliyemwita mwizi kabla hajamrudishia jina lake. Kwa hiyo alikwenda, akasimama mbele ya ule mlango nusu, madereva wakiwa bado wamejaa barabarani, akasema kwa sauti ile aliyotumia kuita majina ya wakulima:

"Oili ya Mukhtar haina maji. Wala ya wale wengine. Mimi nilikosea. Nilipima oili kama maziwa."

Hakuna aliyemwamini.

"Wamempatia kitu," alisema mmoja.

"Asubuhi alikuwa mtu wa maana. Saa hii amenunuliwa."

"Mama, kama wamekutisha, kohoa mara mbili!"

Kwa bahati mbaya kulikuwa na baridi, na Waithira alikohoa.

Ilibidi Mukhtar atoke na kuwasihi watu watulie, huku mkebe mmoja wa ishirini-hamsini ukipitishwa juu ya vichwa vyao mpaka kwa Mugendi aliyesimama nyuma, kisha wa pili, kama maji ya kuzimia moto. "Mama," Mukhtar alimnong'oneza, "ungeniachia tu jina la mwizi. Kilikuwa kitu cha siku mbili." Alikuwa akitabasamu, lakini mkono mmoja ulikuwa tayari kwenye komeo la mlango.

Ijumaa asubuhi niliomba nipande naye. Gasketi haikuwa imefika, na nilitaka kukiona hicho kilima. Mugendi alikuwa amemwaga oili ya zamani yote, amebadilisha chujio, amejaza mpya, na Pijo ilinguruma kwa sauti ambayo Waithira hakuitambua. Mara mbili alishuka kuhakikisha kwamba ni yake.

Habari zilikuwa zimefika Mukurweini kabla yetu. Katika kituo cha mwisho cha kukusanyia maziwa wakulima kumi na watano walikuwa wamesimama mduara, na katikati yao alikuwa Moffat, amevaa koti la kanisani siku ya kazi.

"Nyina wa Wacera," alianza, akimwita kwa jina la binti yake kwa heshima kubwa ya kutisha. "Tumesikia ati kipimo chako kilikosea Nyeri."

"Mimi ndiye nilikosea, Moffat. Si kipimo."

"Hata kama. Kama ulikosea jana, nani atasema hukukosea mwaka wa themanini na tatu, tarehe nne Machi, uliponirudisha na galoni mbili?"

"Na mimi!" alisema mwanamke mmoja. "Na ile ya sikukuu!"

Nilitazama saa. Ilikuwa saa mbili na robo, na mikebe ilikuwa haijapakiwa. Walitaka kujadili miaka kumi na sita. Mmoja alikuwa ameleta daftari. Waithira alitazama barabara, akatazama Moffat, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkabidhi laktomita.

"Pima wewe mwenyewe. Maziwa yako ya leo. Soma kwa sauti. Kile utakachosema nitakiandika."

Moffat aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Alijaza kopo. Aliachia. Wote waliinama. Tangu mwaka ule wa themanini na tatu hakuwahi kukaribia hivyo zile namba.

"Inasemaje?" wakauliza wa nyuma.

Moffat aliinua kichwa. Angeweza kusema thelathini. Angeandikiwa thelathini. Lakini wanawake wawili walikuwa wameinama pamoja naye, na mmoja alikuwa mke wake.

"Ishirini na nne," alisema.

"Sema tena," alisema mke wake.

"Ishirini na nne! Lakini mto umejaa wiki hii!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi, na ilikuwa ni wale wale waliokuwa na kesi ndio waliopakia mikebe ndani ya dakika tano. Moffat alibaki na maziwa yake, akieleza hali ya mto kwa mtu mwenye daftari.

Tulitoka zikiwa zimebaki dakika thelathini na nne. Waithira aliendesha kama mtu anayekimbiza mwizi. Tuliteremka Gura mikebe ikigongana kama kengele, tukapita daraja, na mpando ukaanza. Alikanyaga mafuta mpaka chini na kuacha mguu hapo. Sikuwa natazama barabara. Wala yeye. Sote wawili tulikuwa tukiitazama ile taa nyekundu, na gari lilikuwa likijiendesha lenyewe kwa rehema.

Haikuwaka kwenye kona ya kwanza, wala pale kwenye mikaratusi alipokuwa akisimama kila siku. Injini ilikuwa moto, nilisikia harufu yake, lakini haikugonga. Tulipofika juu Waithira aliachia pumzi ambayo nadhani aliishika tangu darajani.

Tulifika langoni dakika nne kabla ya saa tatu. Toyota ya Njagi ilikuwa imeegeshwa karibu na ukuta, safi kama sahani, na Njagi mwenyewe alikuwa ndani yake amekunja mikono. Madereva walikuwa kumi au zaidi, na chupa zao. Hawakuwa wamesadiki neno lolote la jana.

"Mama, hapa hakuna mwenye duka," walimwambia kupitia dirisha. "Tupimie tu, hatutasema."

Alipita katikati yao bila kusimama. Ndani, mpimaji wa kiwanda, mwanamume kijana aliyevaa koti jeupe, alichota kutoka mkebe wa kwanza, akatia laktomita yake mwenyewe. Waithira alisimama kando, mikono nyuma, kama mkulima yeyote. Niliona midomo yake ikicheza.

"Thelathini na moja," alisema kijana, na bawabu akaandika saa katika kitabu na kusukuma lango mpaka likafungika.

Nje tulisikia Toyota ikiwashwa, ikaondoka.

"Umewahi leo, mama," alisema kijana. "Gari imepona?"

"Imepona."

"Umeitilia oili gani?"

Waithira alitazama lango, ambako vichwa vya madereva vilikuwa vimepangwa juu ya ukuta, vikingoja jibu.

"Muulize Mugendi," alisema, na akaanza kushusha mikebe.